Somo, naomba ndoo yetu

South Hadley, Massachusetts
10 Novemba

Somo yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa mama na kwa wote hapo Chumbageni. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Na juzi nimekula aiskrimu makaburini kabla jua halijatoka. Usishtuke. Mary Lyon, aliyekianzisha chuo hiki cha Mount Holyoke, amezikwa humuhumu ndani, na kila Novemba wasichana wanaamka alfajiri kwenda kwenye kaburi lake kugawiwa aiskrimu. Nilivaa makoti mawili na kitenge kichwani, nikawaza: bibi angeniona hivi angeniitia shehe anisomee.

Uliniuliza kwenye meseji, ndege yote ile nilipanda ili nikasome hadithi tu? Nilinyamaza kwa sababu jibu lake haliingii kwenye simu. Sasa ninalo ombi, kwa hiyo barua imebidi.

Habari ya chuo kuwa cha wanawake tu isikusumbue, sisi wa bweni tumeizoea. Chuo kilipofunguliwa mwaka 1837 ada ilikuwa dola 60 kwa mwaka. Iliwezekana kuwa ndogo hivyo kwa sababu wanafunzi wenyewe walipika, wakafua na kufagia. Zamu, somo! Emily Dickinson, mshairi, alisoma hapa mwaka mmoja, 1847 hadi 1848, na Novemba ya mwaka ule wa kwanza alimwandikia rafiki yake barua kumweleza zamu aliyopangiwa: visu vya mezani, kuvibeba, kuviosha na kuvifuta. Nikakukumbuka wewe na masufuria ya uji.

Lakini huyohuyo Dickinson ndiye aliyenitoa jasho. Unajua sisi wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) tulivyofundwa: utangulizi, hoja sita, mifano kutoka vitabu viwili, hitimisho, na usisahau kuonyesha uhusiano na jamii yetu. Basi siku hiyo tukapewa shairi la mistari minane. Nikanyoosha mkono wa kwanza, nikasema dhamira yake ni kifo, nikakaa nikingoja pongezi. Mwalimu akatikisa kichwa kwa upole, akaniuliza, "Na hiki kistari cha mstari wa pili, kinafanya nini hapo?"

Kistari! Nilidhani ananitania. Tukakaa na vile vistari saa moja na robo. Kumbe vina kesi yao. Dickinson alikufa mwaka 1886 akiwa ameacha mashairi karibu 1,800, na waliomtolea kitabu cha kwanza mwaka 1890 walimsahihisha kama mtoto wa shule, wakaondoa vistari, wakanyoosha na vina. Ilibidi ifike 1955 ndipo mashairi yake yote yachapwe karibu na alivyoyaandika mwenyewe. Tangu siku ile nasoma kama anayechagua mchele, punje kwa punje, na macho yananiuma. Zile hoja sita sizidharau lakini, maana ndizo zilizonifikisha huku.

Sasa darasa la uandishi. Tunazunguka meza, hadithi ya mmoja wetu imeshasomwa na wote tangu juzi yake, halafu wanaijadili na mwenyewe yupo palepale, hana ruhusa ya kufungua mdomo. Mimi, somo, nisiseme! Unakuwa kama mwari nyuma ya pazia, unawasikia wanavyokupima.

Niliyopeleka ni ile ya ndoo. Ndoo yetu ya bluu, jina moja limeandikwa kwa rangi ya kucha na wenyewe wawili, maji ya bomba yanatoka kwa wiki mara mbili, na zile siku tatu ambazo hatukusalimiana. Mmoja akauliza kwa nini wasinunue ndoo nyingine. Mwingine akataka kujua kwa nini hawakuandika jina la baba. Nikatafuna kalamu.

Ugomvi mkubwa ukawa juu ya neno. "Somo" nililiacha lilivyo, sikulitafsiri popote. Msichana mmoja akataka maana yake iwekwe chini ya ukurasa. Mwenzake akakataa katakata, akasema yeye kufikia ukurasa wa tatu alishajua kwamba hili ni jambo zito kuliko rafiki, na akipewa maana atakuwa amenyang'anywa kitu. Nusura nimkumbatie. Niliporuhusiwa kusema nikawaambia: somo ni unachofundishwa darasani, somo ni mwenye jina kama lako, na somo ni mwanamke anayemfunda mwari. Wote wakainama kuandika. Nikajiona profesa.

Kisha mwalimu akanitaka nisome kwa sauti. Nikasahau nilipo, nikamwigiza matroni, mkono kiunoni. Akanisimulia habari za Suzan-Lori Parks, mwandishi wa tamthilia aliyesoma hapahapa. Alipokuwa sekondari mwalimu mmoja alimwambia aachane na Kiingereza kwa kuwa tahajia yake mbovu. Mwaka 1983 akaingia darasa la mwandishi James Baldwin katika chuo jirani cha Hampshire (vyuo vitano vya huku vinaruhusu wanafunzi kusoma kwa wenzao). Baldwin akaona anavyowaigiza wahusika wake anaposoma, akamshauri aandike tamthilia. Mwaka 2002 akapata Pulitzer, ile tuzo kubwa ya waandishi wa Marekani. Mimi sijafika huko, nilimwigiza matroni tu.

Lakini mwalimu akamalizia hivi: "Huyo mwenye ndoo wa pili ameshaisoma hadithi?" Nikakosa la kusema.

Sasa ombi. Kwenye hadithi nimeandika kwamba mkono wa ndoo ulivunjikia mikononi mwako, kama bweni zima lilivyoamini. Si kweli. Niliuvunja mimi usiku, nikaurudishia taratibu na kukuachia uchukue ndoo asubuhi. Siku tatu ulizolia ulikuwa na haki yako, na nimekuja kuusimulia uongo ule kwa Kiingereza, mbele ya watu wasiokujua, kabla ya kukwambia wewe ukweli. Nisamehe.

Nakala ya mwisho inatakiwa tarehe 5 Desemba. Nataka niandike ilivyokuwa, ila ndoo ni yetu sote. Ukikataa naifuta. Ukikubali, nikumbushe pia ule mkono ulikuja kuufunga na nini, kamba ya mkonge au kipande cha khanga? Nimesahau, na hadithi inakihitaji.

Somo yako