Hesabuni kurasa za pasipoti kabla ya kukata tiketi ya kusini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na wasomaji wanaojiandaa kwa likizo ya kusini mwa Afrika, hasa wanaofunga safari hiyo kwa mara ya kwanza. Makala za utalii huwasifu simba wa hifadhi ya Kruger ya Afrika Kusini na ngurumo za Maporomoko ya Victoria, na sifa hizo ni za haki. Lakini kinachomkwamisha msafiri kabla hajaviona mara nyingi ni karatasi, na karatasi hazitengenezwi usiku wa kuamkia safari.

Nasema hivyo kwa uchungu wa yaliyonikuta. Nilifika uwanja wa ndege nikiwa na tiketi mkononi na hoteli zimekwisha kulipiwa. Dada wa kaunta aliifungua pasipoti yangu ukurasa kwa ukurasa, akafika mwisho, akarudi mwanzo, kisha akaigeuza nijionee mwenyewe: ukurasa mmoja tu ndio uliokuwa haujagongwa muhuri. Afrika Kusini hutaka kurasa mbili tupu, na pasipoti isiishe muda wake mpaka zipite angalau siku 30 baada ya kuondoka nchini humo. Yangu ilikuwa imebakiza miaka miwili, nami nilikuwa nimetazama tarehe hiyo pekee nikaridhika. Ndege iliondoka, nami nikabaki na mizigo yangu.

Anayepanga kuzunguka nchi kadhaa ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu zaidi. Mtu anayefikia mji wa Livingstone, Zambia, akavuka upande wa Zimbabwe kuyatazama maporomoko, kisha akaenda hifadhi ya Chobe, Botswana, kuwaona tembo, hugongewa mihuri kila anapotoka na kila anapoingia, na kurasa humwishia bila kutambua. Namibia na Botswana nazo hutaka pasipoti iliyobakiza muda wa miezi 6. Ipo viza ya pamoja ya Zambia na Zimbabwe, iitwayo KAZA, ya dola 50 za Marekani kwa siku 30, kwa raia wa nchi zilizomo katika orodha yake. Inamruhusu mtu kwenda Botswana kupitia mpaka wa Kazungula na kurudi siku hiyohiyo, lakini haimfai anayetaka kulala huko.

Wenye watoto wasiridhike na pasipoti za watoto peke yake. Botswana na Namibia huweza kudai cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, na mtoto anaposafiri na mzazi mmoja, barua ya ridhaa ya yule aliyebaki. Cheti kikiwa kimepotea, kukipata kingine huchukua muda, na hilo ndilo linalonifanya nisisitize kuanza miezi miwili au mitatu kabla.

Chanjo ya homa ya manjano, kwa anayetoka katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuingia, kwa kuwa cheti huanza kutambulika baada ya siku hizo. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hivyo aliyekwisha kuchanjwa akitafute tu kabatini. Malaria haipo Cape Town, lakini ipo Kruger, Chobe na kuzunguka Maporomoko ya Victoria. Daktari aulizwe mapema, maana zipo dawa za kinga zinazoanzwa siku moja au mbili kabla ya safari na nyingine wiki kadhaa kabla, na zipo zinazoendelea kumezwa wiki 4 baada ya kutoka eneo lenye mbu.

Jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka liwapate ni baridi. Juni hadi Agosti ni kipupwe, nao ndio wakati mzuri wa kuona wanyama, kwa sababu nyasi zimekauka na wanyama hukusanyika penye maji. Lakini gari la wazi huondoka kambini alfajiri, na upepo wake hupenya sweta moja kama halipo. Nilipofanikiwa kusafiri hatimaye, nilimwona mama mmoja amejifunga kanga mbili kichwani na mikono ameificha kwapani, simba yuko hatua chache tu, naye hawezi kushika kamera. Kofia ya sufu, glavu na koti zito viingie sandukuni kabla ya nguo za picha. Katika jangwa la Kalahari usiku wa miezi hiyo huweza kushuka chini ya nyuzi 0.

Anayekodi gari aombe mapema barua ya kampuni ya kuvuka nayo mpaka. Ndani ya Kruger mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwenye lami na 40 kwenye changarawe, na mwezi Julai malango hufungwa saa 11:30 jioni, kwa hiyo umbali upigiwe hesabu asubuhi. Randi hutumika pia Namibia, Lesotho na Eswatini, lakini Botswana ina pula yake.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba kila gazeti lako linapochapisha makala ya utalii wa kusini, masharti ya pasipoti, watoto na chanjo yawekwe pembeni yake, yakiwa yamehakikiwa na balozi zinazohusika wiki hiyo.

Wako mtiifu,
Msomaji wako