Bodi za michezo ya zamani zinauawa na haraka ya mafundi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu jambo linaloniuma kila ninapoketi mezani kufanya kazi. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza bodi, yaani mabamba ya saketi za kielektroniki, za zile mashine za michezo za kutumbukiza sarafu, zilizotamba tangu enzi za Space Invaders ya mwaka 1978 na Pac-Man ya mwaka 1980. Nyingi kati ya zinazoletwa kwangu zikiwa zimekwisha kuhukumiwa kwamba zimekufa, hazikuuawa na uzee. Zilikuwa na hitilafu moja ndogo, kisha akatokea mtu mwenye chuma cha moto na haraka, akaziongezea nyingine tano.

Hivi karibuni nililetewa bodi moja ya miaka ya 1980. Kila ilipowashwa, skrini ilijaa herufi na vipande vya picha visivyo na mpangilio, ikazima, ikajaa tena, bila kukoma. Fundi aliyetangulia alikuwa ameamua kwamba RAM, yaani chipu za kumbukumbu ya muda, imeharibika, akang'oa chipu nne kwa kuzitekua kwa bisibisi huku akizichoma, na njia kumi na moja za shaba zikabanduka pamoja nazo. Nilipoweka mita kwenye pawasaplai nilisoma volti 5.1, nilipoihamishia kwenye miguu ya prosesa yenyewe, yaani chipu inayoendesha programu, nikasoma 4.4. Chipu nyingi za kizazi kile hutakiwa kupata kati ya volti 4.75 na 5.25, basi hapo hapakuwa na haja ya kutafuta mchawi. Umeme ulikuwa ukipotelea ukingoni mwa bodi, mahali inapochomekwa, ambapo vidole viwili vya shaba vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi. Nilivisugua, nikavipaka lehemu nyembamba na kubadilisha kiunganishi. Zile chipu nne nilizipima moja baada ya nyingine, zote zilikuwa nzima. Kazi ambayo ingeisha kwa dakika ishirini ilinichukua siku tatu, kwa kuwa ilinibidi kuziunga upya zile njia zilizobanduka kwa waya mwembamba kama unywele, nikitazama kwa lenzi.

Huko kuzima na kuwaka ndiko kunakowapotosha wengi, kwa hiyo nitakueleza kidogo. Bodi nyingi za wakati ule zina saketi ya mlinzi, yaani kihesabu ambacho programu, ikiwa inaendelea vizuri, hukirudisha kwenye sifuri kila baada ya muda mfupi sana. Programu ikipotea njia, hakuna wa kukirudisha, kinafika mwisho wa hesabu yake na kuianzisha prosesa upya. Bodi inayojiwasha kila mara inakueleza tu kwamba programu imekwama. Kilichoikwamisha kinaweza kuwa umeme hafifu, mapigo ya saa ya prosesa yaliyokatika, ROM (chipu za kumbukumbu ya kudumu), RAM, au mguu mmoja wa chipu ulioota kutu ndani ya soketi. Yote haya hupimwa bila kuyeyusha hata tone la lehemu.

Skrini nayo husema mengi kwa anayekubali kuitazama kwa utulivu. Kama maumbo yenyewe ni safi lakini si yale yanayostahili kuwa mahali pale, mathalani panapotakiwa namba pana kipande cha ukuta, mimi huanza na RAM ya picha. Katika bodi nyingi hiyo ni jozi ya chipu aina ya 2114, na kila moja hubeba nusu tu ya biti nane (zile sifuri na moja) zinazounda msimbo wa kila umbo, hivyo moja ikifa kila msimbo husomwa nusu yake ikiwa si sahihi. Lakini kama umbo lilelile lina mistari iliyochanika kila linapotokea na popote linapotokea, basi huzitazama ROM za michoro au njia zinazotoka kwazo. Kisha ndipo nashika osiloskopu, kifaa kinachoonyesha mawimbi ya umeme. Mguu wa kutolea ishara unaoelea kati ya volti 0.8 na 2, usiokuwa juu wala chini kwa namna chipu inayofuata inavyoweza kuelewa, ni mguu wa kushukiwa, ingawa katika njia zinazotumiwa kwa zamu na chipu kadhaa hali hiyo huweza kuwa ya kawaida pale ambapo hakuna inayosema. Hapo mchoro wa saketi hauna mbadala.

Na ikithibitika kwamba chipu imekufa, ikatwe miguu karibu na mwili wake, mwili utolewe, halafu kila mguu uchomolewe peke yake kwa joto la kutosha. Chipu iliyokufa haina thamani ya kuokolewa. Shaba iliyo chini yake inayo. Miguu iliyounganishwa na ardhi ya bodi, yaani shaba ya pamoja ambako umeme hurudia, huhitaji joto zaidi kwa sababu shaba pana hulinyonya, na hapo ndipo wengi hukosa subira na kuvuta.

Kuna jambo moja ambalo kwa hakika halingoji, nalo ni betri. Betri za nikeli na kadimiamu zikivuja hula shaba kimyakimya. Zitolewe leo, palipochafuka pafutwe kwa siki kidogo, kisha pasafishwe kwa maji safi na spiriti na kukaushwa kabisa. Lakini bodi za aina ya CPS-2, ambazo kampuni ya michezo ya Capcom ilianza kuzitoa mwaka 1993, zina betri ya aina nyingine, inayotunza ufunguo, yaani msimbo wa siri, wa kusimbua programu, nayo ikiisha mchezo hauwaki. Kwa miaka mingi bodi hizo zilihesabiwa kuwa maiti, na zipo zilizotupwa, mpaka mwaka 2016 ilipotangazwa hadharani njia ya kuurudisha ufunguo ule bila kubadilisha chipu hata moja. Naumia nikiwakumbuka waliozitupa.

Vilevile zile karatasi ndogo zilizobandikwa juu ya EPROM, yaani chipu za programu zinazoweza kufutwa, zisibanduliwe kwa udadisi. Chini yake kuna kidirisha cha kioo, na miale ya urujuanimno ikipita hapo hufuta programu yote iliyomo. Mwenye kifaa cha kusomea azisome chipu hizo mapema, ahifadhi nakala, na alinganishe na orodha zilizomo katika programu ya MAME, inayoiga mashine hizi kwenye kompyuta na inayokusanya kumbukumbu za michezo hii tangu mwaka 1997.

Ombi langu kwa wenye bodi ni hili: kabla ya kumpelekea fundi yeyote, andika kwenye karatasi bodi ilionyesha nini ilipoharibika mara ya kwanza, nani aliigusa na alibadilisha kipi, na chipu zote zilizotolewa ziambatishwe, hata zile ulizoambiwa kwamba zimekufa.

Wako,
Fundi wa bodi za zamani