Hofu ya kupima haitoki kwa kukemewa na spika

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na Wakristo wenzangu wa huku nyanda za juu kusini, hasa wachungaji na wazee wa kanisa, kuhusu hii hofu tunayoikemea kila ibada. Maana sa hivi ukipita Mbeya mjini kuanzia Mafiat mpaka Uyole jumapili jioni ni spika kila kona, na maombi karibu ni yale yale, roho ya hofu toka, hofu ya kifo toka, hofu ya magonjwa toka, watu wanaanguka wanainuka wanashangilia, halafu jumatatu mtu yule yule akipita mbele ya kituo cha afya anageuza uso pembeni kama anadaiwa pale.

Mimi hofu ninayoisemea ni ya kupima ukimwi, tusizungukezunguke. Utafiti wa serikali wa 2022-23 ulionyesha maambukizi kwa watu wazima kitaifa ni asilimia 4.4, lakini Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, yani sisi huku ndo tunaongoza nchi nzima, na sisi hao hao ndo makanisa yamejaa mpaka watu wanakaa nje kwenye turubai. Kwa hiyo hao watu wapo humu humu ndani, wapo kwaya, wapo kwa wazee wa kanisa, wapo madhabahuni pia.

Wababa ndo tumezidi kwa woga. Mama akienda kliniki ya wajawazito akapimwa akawa salama, baba nae mtaani anatembea kifua mbele, kashapimiwa! Wakati wako wanandoa wengi tu mmoja anao mwingine hana, na wauguzi wanalisema hilo kila siku.

Na waliokwisha kupima nao wanaishi kwa kujificha. Utakuta mtu anakaa Uyole dawa anachukulia Makambako, nauli anayo ya kuungaunga, kisa tu asikutane na mtu wa kanisani kwenye foleni ya CTC, kliniki ya dawa za ukimwi. Kuna dada aliniambia akipewa dawa anajaza pamba kwenye kopo ili vidonge visilie ndani ya pochi akiwa kwenye daladala. Huyo dada anaimba sauti ya kwanza, na kanisani kwake kila wiki wanaambiwa Mungu hakutupa roho ya woga. Sawa, 2 Timotheo 1:7 inasema hivo, ila sijui kama tumewahi kujiuliza yeye hofu yake ni ya virusi au ni yetu sisi.

Wahubiri wanapenda sana kusema neno "usiogope" liko kwenye Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka (nadhani waliowahi kuhesabu kweli ni wachache). Mimi naomba wasome pia Marko 14, pale Getsemane, panaposema Yesu alianza kufadhaika sana na kuhangaika. Yesu mwenyewe jamani. Na hakukemea kitu pale, alichukua watu watatu, Petro na Yakobo na Yohana, akawaambia wakae wakeshe, yani hakutaka kuwa peke yake usiku ule, na wale ndugu wakalala. Nikisoma hapo naona kanisa letu kabisa, mtu anatuambia moyo wake una huzuni kiasi cha kufa na sisi tumelala, tofauti ni kwamba sisi tunalala huku tunapiga kelele.

Kuna mama jumuiya ya kwetu, kaniruhusu niseme ila jina hapana. Mume alishafariki, kikohozi hakimwachi, na kila wakiitwa wenye mahitaji mbele alikuwa anaenda, anaombewa, anarudi kukaa. Mwenzake mmoja anauza viazi sokoni ndo siku moja akamwambia dada twende wote, na mimi napima. Wakachukua bajaji. Ilikuwa mwezi wa saba na ile baridi yetu, mikono imekufa ganzi halafu inatetemeka, muuguzi akamchoma kidole damu haitoki mpaka akaanza kumsugua viganja vipate joto. Kusubiri majibu pale ni dakika chache tu ila anasema ziligoma kuisha, mwenzake kamshika mkono wanaimba pambio kwa sauti ya chini kwenye benchi. Majibu yakaja, yeye anao, mwenzake hana. Wakalia wote wawili. Akaanzishiwa dawa, sa hivi kidonge kimoja kwa siku, virusi vimefubaa, analima, juzi kanipita na ndoo ya maharage kichwani ananicheka mimi natembea polepole.

Nilimuuliza hofu imeisha? Akasema haijaisha, kila siku ya kliniki tumbo linamkata, ila anaenda, na yule wa viazi bado anamsindikiza. Daudi nae kwenye Zaburi 56 hasemi haogopi, anasema "siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", kwa hiyo hiyo siku ilikuwepo.

Sasa wapo watumishi wanaofundisha kwamba ukienda kupima umekiri ugonjwa, na ukimeza dawa huna imani, tena wengine wanataka mtu alete kopo la dawa madhabahuni kama ushuhuda. Hao mimi siwaelewi. Mwaka 2011 tuliona ya Loliondo, yule Babu mchungaji mstaafu na dawa yake ya mitishamba aliyosema inaponya hata ukimwi, kikombe sh 500, watu walijazana kwenye magari kutoka kila mkoa na wapo walioacha dawa wakijua wamepona. Tulizika. Tusijifanye tumesahau.

Ninachoomba ni kidogo. Mchungaji atangaze ibadani siku anayoenda kupima yeye na mama mchungaji, aende kweli na watu wamuone. Kila jumuiya iwe na watu wawili watatu wenye kifua, wasiotoa siri za watu, kazi yao kusindikiza. Na ule mfuko wa kusaidia wahitaji utoe nauli ya kliniki, maana spika mpya tulichanga mwezi mmoja zikanunuliwa.

Na mzee atakayesema mambo ya hospitali yasiletwe madhabahuni, namuuliza hospitali ya Ilembula ilijengwa na nani kama si Walutheri, Isoko na Mbozi Mission kama si Wamoraviani, na Igogwe kama si Wakatoliki? Wazee wetu walipeleka watu huko, wengine kwa machela. Sisi tuna bajaji.

Ndaga (asante), Mhariri.

Muumini, Uyole, Mbeya