Kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: kidonda cha shingo kikishavuka Mokowe

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa sababu ya tundu dogo, halikuzidi punje ya mahindi, lililotoboka shingoni mwa baba yangu mwaka jana.

Baba ni fundi wa vyombo vya baharini hapa Matondoni, kisiwani Lamu. Tangu ujana ni mtu wa tambuu na tumbaku, na saratani ikamshika taya la chini. Madaktari wa bara walilikata upande mmoja, wakachukua mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na nyama na ngozi yake, wakauchonga, wakaufunga kwa bamba la chuma. Kisha wakaunganisha mishipa yake na ya shingoni chini ya hadubini, kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Aliingia asubuhi, akatoka baada ya Isha. Alipoweza kushika kalamu aliandika: "Wamenitia taruma jipya." Taruma ni mbavu ya chombo. Ndivyo alivyo.

Siku 3 za mwanzo nesi alikuwa akija na tochi, usiku na mchana, akiibonyeza ile nyama kwa kidole. Ikipauka na kupoa, damu haifiki. Ikivimba na kugeuka zambarau, damu imeingia ikakosa pa kutokea, na hilo ndilo hutokea zaidi. Likigunduliwa mapema, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, donge la damu likatolewa, nyama ikaokolewa. Kwa zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 nyama hushika. Ya baba ilishika. Tukashukuru, tukapanda basi, tukavuka kwa mashua kutoka Mokowe, gati ya bara, tukidhani mambo yamekwisha.

Wiki ya tatu shingo ikavimba, ikawa nyekundu, ikafumuka. Tulimpeleka kituo kimoja cha afya, wakasema ni jipu, dawa yake kulipasua. Siwalaumu sana, hawajawahi kuona mtu mwenye mguu shavuni. Lakini mimi nilikuwa nimeshamtazama akinywa maji: akimeza, yanachuruzika shingoni. Yalikuwa mate. Mshono wa ndani ya kinywa ulikuwa umeachia. Baba akaandika: "Kalafati mbovu," kama pamba ya kuziba nyufa za chombo ilivyoachia.

Mate si maji, Mheshimiwa. Yamejaa vijidudu, na njia yake hupita karibu na mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani. Mshipa huo ukilowa mate siku nyingi, hasa kwa mtu aliyepigwa mionzi, ukuta wake huweza kupasuka. Kabla ya hapo huenda ikatangulia damu kidogo, ikakoma yenyewe. Asiyejua huifuta kwa kitambaa akalala. Anayejua hangoji kupambazuke, na usiku huku kwetu kuvuka ni kumbembeleza nahodha.

Tiba yake aghlabu haihitaji kisu kikubwa: mgonjwa asile kwa mdomo, alishwe kwa mpira wa puani, apewe dawa, usaha upate njia, kidonda kifungwe shashi safi kila siku. Kazi hiyo Lamu inaiweza. Lakini mpira wa baba ulipochomoka usiku mmoja, hatukumpata wa kuurudisha, akakaa na njaa hadi siku ya pili mchana.

Na mguu je? Pale walipotoa mfupa walibandika ngozi ya pajani, nusu yake ikakataa, kidonda kikachukua miezi 2. Hadi leo kidole gumba hakikunjiki vizuri, na kazi ya baba ni kuchuchumaa juu ya mbao. Kila aliyemwona alimwangalia uso tu.

Siombi daktari bingwa wa upasuaji huu akae Lamu. Wagonjwa wa namna hii huja mmoja mmoja, na mkono usiofanya kazi hiyo mara kwa mara husahau. Naomba manesi 2 wapelekwe wiki chache kwenye wodi wanakolazwa watu hawa, warudi wakiijua rangi ya nyama na harufu ya mate. Naomba mipira ya kulishia isikosekane. Naomba mgonjwa arudi na karatasi iliyoandikwa Kiswahili, yenye nambari ya simu ya wodi inayopokelewa. Na awepo wa kumfundisha kumeza na kufungua kinywa, maana mionzi imemkaza baba taya hata kidole kimoja kinapita kwa taabu.

Katiba ya 2010 imeziacha hospitali kuu za rufaa kwa serikali ya taifa, na vituo vyetu ikavikabidhi kaunti. Basi mgonjwa akiwa ndani ya mashua, ni wa nani?

Tundu lilifunga baada ya wiki 7. Sasa baba anakula wali uliopondwa. Lakini juzi, nikimnyoa, nimeona ngozi ya chini ya sikio imekuwa nyembamba, na ndani yake kitu kinang'aa kama bamba. Nimekipiga picha. Mpaka sasa sijui nimtumie nani.

Wako,
Binti wa fundi, Matondoni