Hedifoni zenye besi nzito zinawapoteza watayarishaji

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze vijana wa Moshi wanaotengeneza muziki chumbani kwamba hedifoni zinazosifiwa madukani kwa besi nzito ndizo zinazowaharibia kazi. Mwaka jana nilichanganya wimbo (yaani kusawazisha sauti na ala zake) kwa hedifoni za aina hiyo, nikaridhika kabisa na besi, lakini tulipoupiga kwenye spika za daladala ya Himo besi haikusikika, kwa kuwa hedifoni zilikuwa zikiniongezea kisichokuwamo.

Anayerekodi sauti achague zilizofunikwa nyuma, maana zilizo wazi huvujisha mdundo hadi kwenye maikrofoni. Aangalie pia ukinzani wake wa umeme, unaopimwa kwa omu: hedifoni ya DT 770 Pro ya kampuni ya Beyerdynamic, kwa mfano, imeuzwa kwa omu 32, 80 na 250, na hiyo ya 250 ukiichomeka kwenye simu bila kikuza sauti hutoa sauti hafifu (muuzaji hakwambii hilo). Za bluetooth huchelewesha sauti, hivyo mwimbaji hupitwa na mapigo.

Mimi siku hizi kila wimbo naumalizia kwa kuusikiliza kwenye redio ndogo ya jikoni.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi.