Mpwa wangu, ijibu hiyo barua

Mpwa wangu,

Mama yako amenipigia akilia kwamba umepokonywa ualimu. Hujapokonywa. Umesimamishwa kazi kwa muda tu. Naandika hadharani kwa sababu walimu wengi huyachanganya mambo haya mawili, wakakata tamaa, na zile siku 21 za kujitetea zikapita huku barua ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya Kenya (TSC) ikiwa kabatini.

Kupokonywa ualimu ni jina lako kufutwa katika sajili ya walimu, nalo hufutwa kwa sababu nzito. Sheria ya TSC ya mwaka 2012, kifungu cha 30, inataja aliyehukumiwa kwa kosa la ngono au kosa dhidi ya mwanafunzi. Yupo pia aliyetiwa hatiani kwa kosa jingine ambalo Tume inaona linamwondolea sifa ya kuwa mwalimu. Jina likifutwa hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na hata shule ya kibinafsi haiwezi kukuajiri tena, maana bila usajili hakuna kufundisha. Anayeachishwa kazi jina likabaki sajilini bado ana pa kwenda.

Sasa nikuambie linaloniuma. Mtoto ameumia kwa fimbo yako. Kiboko kilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekifanya kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kwa hivyo katika utetezi wako usiandike kwamba hata sisi tulichapwa tukawa watu. Tulichapwa, kweli, na wenzetu wengine waliacha shule kwa kuogopa fimbo.

Andika kilichotokea: siku, saa, aliyekuwepo, ulichofanya. Kama ulimpiga, sema ulimpiga. Na tafadhali, usitume mzee yeyote kwa wazazi wa mtoto na bahasha ili wafute malalamiko; hapo utakuwa umeongeza kosa juu ya kosa, na mtoto yule atakuwa ameumizwa mara mbili.

Omba uone ushahidi ulio dhidi yako. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki na kupewa sababu kwa maandishi. Uamuzi ukikulemea, una siku 90 za kuomba upitiwe upya.

Jumatatu nenda ofisi ya tawi la chama chenu cha walimu, barua mkononi. Rasimu ya utetezi nitumie kabla hujaipeleka, nami nitaisoma siku hiyohiyo.

Mjomba wako