Risala ya Wahitimu wa Chuo cha Wachimbaji wa Barafu, Callisto, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, wakufunzi wetu, wazazi na walezi, mafundi mliotoka zamu na kuja hapa moja kwa moja, wageni waalikwa, mabibi na mabwana.

Awali ya yote, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Wewe ndiye msimamizi wa kibali cha mgodi huu, na kwa kawaida maombi yetu hukufikia kwa redio. Ujumbe ukitoka hapa huchukua kati ya dakika 33 na 54 kufika Duniani, kutegemea sayari zimekaaje, na jibu nalo huchukua muda kama huo kurudi. Leo umeketi mbele yetu, nasi tumekusudia kuutumia ukaribu huo vizuri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Galileo Galilei aliuona mwezi huu wetu, Callisto, unaoizunguka sayari ya Mshtarii (Jupita), Januari 1610, nao ukabaki nukta ya mwanga kwa vizazi vingi, hadi vyombo vya Voyager vilipopita mwaka 1979 na kutuma picha za ardhi iliyojaa makovu ya mapigo ya kale. Mwaka 2003 wataalamu wa NASA walipopima namna binadamu wangeweza kufika kwenye sayari za nje, waliichagua Callisto. Walikuwa na sababu nzuri. Io na Europa, miezi mingine ya Mshtarii, zimo ndani ya mionzi yake mikali, na mtu asiye na kinga pale hana siku nyingi. Sisi tuko mbali zaidi, takriban kilomita milioni 1.9 kutoka kwenye sayari yenyewe, na mionzi inayotufikia ni kidogo mno ukilinganisha na ya jirani zetu hao.

Baridi ndiyo iliyobaki. Huko nje wastani ni nyuzi 139 chini ya sifuri, mchana una saa 200 na usiku saa 200, na Jua hutufikia kwa chini ya asilimia 4 ya ukali wake wa Duniani. Barafu katika hali hiyo ni mwamba. Na hapa kwetu, kwenye bonde la Valhalla, ambalo pete zake zimetanda kwa kipenyo cha takriban kilomita 3,800, mwamba huo umechanganyika na mawe na vumbi jeusi linalokula vifaa.

Tumefundishwa kuuchimba. Ukilazimisha keekee kwa pupa, msuguano huigeuza barafu kuwa mvuke, na mvuke huo hauendi mbali; huganda upya kwenye meno ya keekee na kwenye kingo za shimo, na punde chombo kimeshikwa huko chini, hakitoki wala hakizunguki. Kwa hiyo tumejifunza kukata kidogo, kuinua, kusafisha, kisha kukata tena. Somo la vyuma nalo hatutalisahau. Mkufunzi wetu aliacha nje kipande cha chuma cha kawaida usiku kucha, akakiingiza kikiwa bado na baridi yake, akakigonga nyundo mara moja. Kikapasuka kama kigae. Tangu siku ile hakuna mwanafunzi aliyefunga boliti bila kuuliza kwanza ni ya madini gani. Tunawashukuru wakufunzi kwa ukali wao. Umetuweka hai.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunafika kwenye jambo lililotufanya tukeshe tukiandika risala hii.

Kilo moja ya maji ikitenganishwa kwa umeme hutoa takriban gramu 890 za oksijeni. Mtu mzima hutumia takriban gramu 840 kwa siku. Maana yake ni kwamba kila kilo ya barafu safi tunayoipandisha ni pumzi ya mtu mmoja ya siku nzima, na kila tani ni pumzi ya siku elfu moja. Meli zinazokuja kuchukua mafuta ya roketi, yaani hidrojeni na oksijeni zinazotokana na maji hayohayo, huondoka na maelfu ya tani. Hatuzionei wivu. Hidrojeni na oksijeni hizo ndizo zinazoleta mbegu, dawa na barua, na ndizo zitakazokurudisha nyumbani salama.

Wala barafu si haba. Takriban nusu ya Callisto imejengwa kwayo. Kinachogombaniwa ni umeme. Kinu chetu cha nyuklia ni kimoja, nacho hulisha mitambo ya kuyeyusha, kuchuja na kutenganisha maji, ya meli na ya makazi pia. Meli ilipotia nanga mara ya mwisho, mitambo ya hewa ya makazi ilipunguzwa kasi ili matangi ya shehena yajae kwa tarehe iliyopangwa. Hewa ikawa nzito. Watoto wadogo waliamka na vichwa vikiwauma, na wazazi wao, baadhi yao wamo ukumbini humu, walikaa macho wakisoma vipimo ukutani. Hakuna aliyefariki, na tunajua ripoti itakuwa imeandika hivyo. Sisi tunaamini usiku ule haukupaswa kutokea kabisa, maana waliokosa hewa ni watu walewale walioichimba.

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kuufanya mwezi au sayari kuwa mali yake. Haukutaja nani avute pumzi kwanza. Hilo limeachwa kwa watu wenye mamlaka ya kusaini ratiba za umeme, na wewe ni mmoja wao.

Tunaomba mitambo ya hewa ya makazi iwe ya kwanza kwenye ratiba ya umeme, meli iwepo au isiwepo, na iandikwe hivyo ndani ya kibali badala ya kuachiwa hisani ya msimamizi wa zamu. Tunaomba pia matangi ya akiba ya makazi yajazwe kabla bomba la shehena halijafunguliwa. Ikibidi meli ichelewe, ichelewe. Mahesabu ya ucheleweshaji huo tumeyafanya wenyewe, yamethibitishwa na mkufunzi wetu wa umeme, na tumeyaambatisha na risala hii.

Ombi dogo la mwisho ni karakana yenye tanuru. Vyuma chakavu visivyopasuka kwa baridi vimerundikana ghalani, na kusubiri vipuri kutoka Duniani wakati mikono ya kuvifua ipo hapa ni hasara tupu.

Jumatatu tunaingia zamu yetu ya kwanza. Tungependa kuingia tukiwa na jibu lako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.